Naam ya Gharib

Jumatatu, 7 Aprili

Mwalimu Jacinta ametuambia kila mtu anunue daftari na aandike kila siku, hata mstari mmoja. Anasema mkono ni kama punda, usipoutembeza unakuwa mkaidi. Basi naandika.

Naitwa Bonface Wekesa. Nina miaka arobaini na nne. Kwetu ni Kimilili, lakini huu ni mwaka wa kumi na mmoja nasukuma mkokoteni Biashara Street, Mombasa, nikishusha marobota ya kanga kutoka kwenye lori na kuyaingiza dukani. Shule niliacha darasa la tano. Sasa bega la kulia limeanza kukataa, na mtu asiye na cheti hapewi kazi ya kukaa. Ndiyo sababu nimeingia gumbaru, masomo ya watu wazima.

Tunasomea katika shule ya watoto hapa Bondeni, Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili. Madawati ni ya watoto na magoti yangu hayaingii chini. Nimepewa benchi la mwisho, karibu na dirisha. Mguu wake mmoja ni mfupi. Nikikaa peke yangu linacheza, tiki, tiki, na watu wanageuka kuniangalia. Kisha akaja mzee wa kofia nyeupe na mwavuli mkononi. Alinisalimu salamu ndefu, akaulizia hali yangu, nyumbani kwangu na kazi yangu kana kwamba alikuwa na siku nzima. Akaketi upande wa pili na benchi likatulia.

"Hili lataka wawili," akasema.

Jina lake Gharib.

Jumatano, 9 Aprili

Gharib ni fundi wa miavuli, Ndia Kuu. Nilidhani hajui kusoma kabisa. Kumbe utotoni alisoma chuoni, yaani madrasa, Kurani anaisoma, na hata Kiswahili anakiandika kwa herufi za Kiarabu, nzuri kama ushanga. Herufi zetu ndizo zinazomshinda. Binti yake Mahira yuko Doha, anamwandikia ujumbe kwenye simu, na mzee inabidi ampe jirani amsomee. Jirani akishasoma, mtaa mzima unajua. Gharib anataka asome maneno ya mwanawe kwa macho yake mwenyewe, basi.

Leo nilimwonyesha jina lake. Akashika kalamu, akaanzia mwisho wa mstari, kulia, kama walivyomfundisha chuoni, na kwa kuwa herufi zetu zinaelekea kulia, akaenda kugonga ukingo wa karatasi na jina halijaisha. Tulicheka mpaka Mwalimu akagonga meza. Sikumbuki mara ya mwisho nilipocheka katika mji huu.

Alhamisi, 10 Aprili

Majina yanaitwa kwa namba tulivyojiandikisha. Gharib ni wa kumi na saba, mimi wa kumi na nane. Ukikosa vipindi vitatu mfululizo unafutwa, kwa sababu madawati ni machache na watu wanangoja nje. Kuitikia, wengine wanasema "niko". Mimi nilisema "yes". Gharib akanigeukia.

"Yes ni neno la kumjibu askari," akasema. "Mtu akikuita, sema naam."

Yeye naam yake inatoka chini kifuani, taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake.

Tulipokuwa tunatoka aliniambia wiki ijayo hatakuwepo. Anakwenda Vanga kumwona dada yake aliye mgonjwa. Anaogopa kufutwa. Akaniomba nimwitikie. Akasema rafiki wa chuo kazi yake ndiyo hiyo, utotoni yeye alikuwa na rafiki wa hivyo, wakiitikiana. Nikamwambia asijali. Akanipa mwavuli alioutengeneza, tundu lake limezibwa kwa kipande cha kanga nilichomletea kutoka dukani. Hakutaka chochote.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua ya masika imefika. "Gharib," Mwalimu akaita, nami nikasema naam kwa sauti yake. Watu walitikisika kwa kicheko. Mwalimu hainui macho anapoita majina. Kisha akaniita mimi, nikasema niko kwa sauti yangu.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nilimwitikia Gharib tena, na mara hii hakuna aliyecheka. Naam ilitoka nzito, ya kweli. Nasiha, mama anayeketi mbele yetu, aligeuka akaangalia upande wa Gharib kwanza, ndipo akaniangalia mimi.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimemwitikia. Bega linauma.

Jumatatu, 21 Aprili

Pasaka, hakuna darasa. Robota lililoloa ni mzigo wa watu wawili. Tom, ambaye tunasukuma mkokoteni pamoja, anauliza kama kalamu ina uzito kuliko hili.

Jumatano, 23 Aprili

Gharib alisema leo atarudi. Hakurudi. Nimemwitikia.

Jumatano, 30 Aprili

Bado. Simu yake haipatikani. Wasafiri wanasema barabara ya kule imekatwa na maji. Najiambia amekwama.

Jumatatu, 5 Mei

Leo nilimwomba Tom anishikie zamu nikaenda Ndia Kuu. Pale anapokaa Gharib kuna kibaraza cha mawe na msumari ukutani. Miavuli ya watu imeningʼinia kwenye msumari, kama saba hivi, haijatengenezwa. Nikamuuliza mwenye duka la vinyago la jirani, fundi amerudi? Akaniangalia, akaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema ninasoma naye.

Gharib alifariki Vanga. Moyo tu, alikuwa amekaa. Ilikuwa Jumatano ile ya mvua kubwa, muda mfupi baada ya sala ya alasiri, na kwa sababu ya barabara wakamzika huko huko.

Nilihesabu nikiwa nimesimama. Jumatano ile ni tarehe kumi na sita. Alasiri imekwisha, saa kumi imepita dakika chache. Mwalimu anaita majina. Nilikuwa nasema naam kwa sauti yake wakati ule ule.

Ningemwambia Mwalimu leo. Nilikwenda darasani nikiwa nimeshapanga maneno. Akafika kwenye kumi na saba, akaita, na mdomo wangu ukasema naam.

Naandika ukweli, maana daftari hili ni langu. Sikunyamaza kwa woga wa kufutwa peke yake. Miaka kumi na moja Mombasa nimepata wenzangu wa kubeba mzigo na wenzangu wa kanisani. Rafiki nimepata mmoja, kwa vipindi vitatu. Jina likifutwa, amekwisha.

Jumatano, 7 Mei

Kuna kitu nimekitambua leo ambacho ningekitambua wiki tatu zilizopita kama si mvua na uchovu. Benchi halichezi. Nimekaa upande wangu, peke yangu, tangu Gharib aende, na halijacheza hata mara moja. Baada ya darasa niliinama nikaangalia mguu. Bado ni mfupi. Kidole kinapita chini yake.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua. Naam.

Jumatatu, 12 Mei

Leo sikuja na mwavuli, mchana kulikuwa kukavu. Katikati ya hesabu za kugawanya nikasikia harufu ya kitambaa kibichi na chuma. Chini ya upande wa Gharib kulikuwa na maji, dimbwi dogo la mviringo, kama mtu aliyesimamisha mwavuli unaochuruzika. Nikatazama dari. Kavu. Nikaweka mguu juu yake ili watu wasione, kama mtu anayemfichia mwenzake kosa.

Alhamisi, 15 Mei

Amekuja mwanamke kutafuta nafasi. Anaosha vyombo hotelini, mikono yake imechubuka kwa sabuni, na alikuwa ameshika kitabu cha mtoto wake wa darasa la pili. Anataka kukisoma kabla mtoto hajamcheka. Mwalimu akafungua orodha, akapitisha kalamu juu mpaka chini, akasema hakuna nafasi. Yule mama akashukuru akatoka kwenye mvua. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi la wawili.

Jumanne, 20 Mei

Homa. Tangu jana sijainuka. Tom ameniletea dawa na uji.

Ijumaa, 23 Mei

Nimekosa Jumatatu, Jumatano na Alhamisi. Vitatu. Sikumtuma mtu, sikuwa na nguvu. Basi nimefutwa, na pengine ni haki.

Jumatatu, 26 Mei

Nilikwenda nimbembeleze Mwalimu kabla darasa halijaanza. Nikamwambia nilikuwa mgonjwa, najua kanuni, lakini namwomba. Hakunielewa. Akafungua orodha mbele yangu. Namba kumi na nane ina alama zote tatu.

"Hukukosa hata siku moja," akasema. "Uliitika. Tena ulisema naam. Nikajiambia, Mbukusu huyu ameanza adabu za Mombasa."

Mimi bado nilikuwa nasema "niko".

Nilikaa benchini. Chini ya dawati lilikuwapo daftari langu la darasani, nililoliacha Alhamisi ya nyuma. Nikalifungua. Ukurasa mpya ulikuwa na mistari mitatu, na kila mstari una jina langu. BONFAC, herufi kubwa zinazotetemeka kama za mtu anayejifunza. Kila jina limesukumwa mpaka mwisho wa mstari, kulia, limegonga ukingo, na herufi ya mwisho haikupata nafasi.

Nilimuuliza Nasiha, nani aliniitikia wiki iliyopita? Akasema sauti ilitoka nyuma yake, kwenye benchi letu. Hakugeuka. Nikamuuliza kwa nini.

"Kaka Bonface, kuna sauti za kugeukia na sauti za kutogeukia," akasema.

Jumatano, 28 Mei

Nimeitwa, nimesema niko. Chini ya sauti yangu kulikuwa na nyingine, ikisema naam. Mwalimu aliinua macho kwa mara ya kwanza.

Alhamisi, 29 Mei

Zimekuwa mbili tena. Kwanza nilidhani ni shukrani. Nilimwitikia, naye ananiitikia, ndivyo alivyosema marafiki wa chuo wanavyofanya. Lakini leo sauti yake ilitangulia. Jina langu liliitwa, na kabla sijafungua mdomo, lilikuwa limeshaitikiwa. Mwalimu akaweka alama akaendelea na kumi na tisa.

Ikiwa jina langu linaitikiwa bila mimi, mimi ni wa nini pale?

Jumatano, 4 Juni

Tom anasema nimepungua. Jana aliniita mara mbili mkokotenini sikusikia. Nilimwambia nilidhani nimeshajibu.

Alhamisi, 5 Juni

Nasiha alinisubiri langoni. Mwavuli wake ulivunjika mbavu, akaupeleka Ndia Kuu, na pale akaambiwa fundi ni marehemu tangu mwezi wa nne. Hakunigombeza. Aliniuliza tu nimejua tangu lini. Nikamwambia. Tukatembea mpaka kwenye kona, kisha akasema mjane yuko ndani ya eda, hatoki, lakini kupitia jirani yule wa vinyago ameomba aonane na mtu yeyote anayesoma na mumewe. Ameomba kwa wiki tatu sasa. Jirani ananikumbuka, lakini hakujua pa kunipata.

Sikukuu yao ya Idi ni keshokutwa. Tutakwenda baada yake.

Jumatano, 11 Juni

Tulikwenda mchana, saa nane, Nasiha akiwa nami kwa sababu si vizuri mwanamume aende peke yake kwa mwanamke wa eda. Nyumba iko kwenye kichochoro nyuma ya Ndia Kuu, ngazi nyembamba, juu kuna sebule ndogo. Mwanakuu, mke wa Gharib, alikaa chumba cha ndani, na kati yetu pazia. Sikuuona uso wake. Niliona ncha ya mguu wake kwenye mkeka na niliisikia sauti yake, ya mtu asiye na haraka. Nilimpa pole. Akaniuliza kwanza kama nimekula.

Kisha akaeleza. Ile wiki moja aliyosoma, Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, giza linapoingia mumewe alikuwa akirudi kutoka darasani, akifunga mwavuli mlangoni na kuukungʼuta mara tatu. Alidhani sauti hiyo ataisahau pole pole. Lakini bado anaisikia, siku hizo hizo tatu. Mwavuli unafungwa. Unakungʼutwa mara tatu. Halafu hakuna hatua za kupanda ngazi. Jirani akishuka kuangalia anakuta kizingiti kimeloa, hata siku ambayo mvua haikunyesha.

"Siogopi," akasema. "Alikuwa mume wangu, atanifanya nini? Lakini haingii, wala haendi. Asimama pale kama mgeni asiyekaribishwa. Mwanangu, niambie kweli. Huko darasani, jina lake laitwa?"

Nikasema linaitwa.

"Na nani amwitikia?"

Nilitaka kumwambia Mwalimu haangalii, darasa ni kubwa, alama zimewekwa tu. Nasiha alikuwa ananiangalia. Nikasema, "Ni mimi, mama."

Pazia halikutikisika. Nje mtu alikuwa anapiga nyundo kwenye bati.

"Nimekujua," akasema. "Wewe ndiye wa benchi. Alirudi siku ya kwanza akasema, Mwanakuu, nimepata rafiki wa chuo, mtu wa bara, ana mabega kama mlango. Alifurahi kama mtoto." Akavuta pumzi. "Sikulaumu. Lakini fikiri. Mtu aitwa, na aitikiwa. Nani atamwambia kwamba amekwisha kwenda?"

Nikamwambia na yeye ananiitikia mimi. Nikamwambia yote, alama tatu, majina kwenye daftari, sauti inayotangulia. Nasiha alijifunika mdomo kwa mtandio.

Mwanakuu akasema Gharib hajawahi kumdhuru mtu. "Atenda ulivyomfundisha. Aona ndiyo kazi ya rafiki. Mtaitikiana hivyo mpaka hamtajua nani ni nani." Akaniambia la kufanya. Kwao, mtu akiitwa na sauti asiyoijua, haitiki mpaka aitwe mara ya tatu. Kwa hivyo Gharib aitwe mara tatu, mbele ya wote, na asiitikiwe na mtu. Ajue mwenyewe.

Nikamuuliza, na mimi nikiitwa baada yake?

"Hilo sijui," akasema. "Hilo ni lenu wawili."

Alhamisi, 12 Juni

Sikuweza. Nimesema naam.

Jumatatu, 16 Juni

Sikwenda. Sina haja ya kuuliza kama nimewekewa alama. Nilikaa juu ya robota dukani mpaka giza, na saa kumi na dakika chache nilihisi koo langu limetikisika, bila sauti, kama mtu mwingine analitumia.

Jumatano, 18 Juni

Nilifika saa tisa na nusu nikamwambia Mwalimu Jacinta kila kitu. Yeye ni Mtaita, mtu wa kanisa, nilifikiri atanifukuza au atacheka. Hakufanya lolote. Alifungua orodha akapitisha kidole kwenye mstari wa kumi na saba, alama za miezi miwili, hakuna pengo. Akasema tangu mwezi wa tano amekuwa akiogopa kuinua macho akifika pale, na hakujua ni kwa nini.

Akaniambia, "Nitamwita mara tatu. Wewe nitakuita mara moja. Sitaki kujua nani ataniitikia, nataka uwe wewe." Akaniambia pia kwamba nilichofanya ni udanganyifu, na kwamba Jumatatu nafasi ile atapewa yule mama anayeosha vyombo. Nikakubali yote mawili.

Mvua ilikuwa ya manyunyu, ya kuaga. Nilikaa kwenye benchi. Halikucheza. Maji yalikuwepo chini ya upande wake, mviringo ule ule. Nilikuwa nimekuja na mwavuli wangu wenye kiraka cha kanga, nikauegemeza katikati yetu.

Mwalimu akasoma majina. Kumi na tano. Kumi na sita.

"Gharib."

Hakuna aliyepumua. Wote walikuwa wameshajua, Nasiha aliwaambia. Mimi nilishika ubao wa dawati.

"Gharib."

Ulimi wangu uliinuka wenyewe. Naam ilikuwa imeshafika kwenye meno. Niliingiza ukosi wa shati mdomoni, nikauma kitambaa, chenye jasho la robota na vumbi, na machozi yakanitoka mbele ya watu wazima wenzangu. Nilimsikia akingoja. Sijui kuandika vizuri zaidi ya hivyo. Pembeni yangu kulikuwa na mtu aliyegeuza uso kuniangalia, akingoja nifanye kazi yangu.

"Gharib," Mwalimu akaita mara ya tatu, polepole, sauti ya chini, kama anavyoitwa mtu aliyelala.

Nilinyamaza. Sote thelathini na zaidi tulinyamaza. Mwalimu akachukua rula, akaiweka juu ya jina, na tukasikia kalamu ikipita kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Bonface Wekesa."

Nilitoa ukosi mdomoni. Sikuharakisha. Nilimwachia nafasi, kama alitaka kutangulia. Nilingoja mpaka Nasiha akageuka, kwa mara ya kwanza akageuka kabisa.

"Naam," nikasema.

Ilikuwa sauti moja. Na chini yangu, tiki, benchi likacheza.